Mstari wa Mia Tatu na Kumi na Tatu

Mirella Colantoni alikuwa na kitabu kimoja ambacho hakumwazima mtu. Kwa nje kilikuwa kitabu cha shule kama vingine: utenzi wa Kilatini, mistari elfu na ushei, jalada la kijani lililobanduka pembeni. Alikipata kwenye meza ya vitabu vikuukuu, siku ya soko, mwaka ule aliomaliza chuo kikuu, na kilichomfanya akichukue ni penseli. Mwanafunzi aliyekimiliki kabla yake, Fiorenza fulani aliyeandika jina lake ukurasa wa kwanza, alikuwa ameweka mkwaju mdogo, kistari cha mshazari, juu ya kila silabi inayobeba mkazo. Mikwaju sita kila mstari, myembamba, iliyonyooka, mkono wa mtu asiye na wasiwasi.

Fiorenza aliishia mstari wa mia tatu na kumi na mbili. Labda alihama, labda aliugua, labda mwaka wa masomo uliisha tu. Kuanzia hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

Asiyewahi kusoma utenzi wa Kilatini kwa sauti huenda asione tatizo liko wapi. Mstari wake hauna vina. Unakwenda kwa miguu sita, kila mguu unapimwa kwa silabi ndefu na fupi, na mkazo mara nyingi unaangukia mahali ambapo mtu akizungumza kawaida asingeuweka. Tena neno likiisha kwa irabu na linalofuata likaanza kwa irabu, moja humezwa. Yote haya Mirella aliyajua. Mpe penseli na dakika tano, atakupimia mstari wowote bila kosa, na mitihani ya chuo aliipita hivyo. Lakini kusoma papo kwa papo mbele za watu, jicho na ulimi vikienda sambamba, alikuwa hawezi. Hakuna aliyejua.

Alikuwa na miaka kumi na sita mwalimu wake alipomsimamisha asome. Alipotea mguu wa tatu, akarudi mwanzo, akapotea tena palepale. Mwalimu akamwambia anasoma kama anayehesabu kondoo, na kwa kuwa baba yake alikuwa mchungaji kweli, darasa zima lilicheka mpaka kengele. Mwaka mzima walimwita Kondoo. Hakikuwa kisa kikubwa. Watoto husemana mabaya zaidi ya hayo. Lakini tangu siku ile, kila alipofungua ukurasa usio na alama, alikuwa kama mtu anayengoja kusukumwa kutoka nyuma.

Mikwaju ya Fiorenza ilimwokoa. Aliikariri yote, mistari mia tatu na kumi na miwili, akiitembeza nyumbani kati ya jiko na dirisha mpaka ikawa inatoka yenyewe. Mama yake, Zelinda, aliyefanya kazi miaka thelathini na minane kufunga lozi za sukari kwa waya na karatasi za rangi ziwe maua ya harusi, alikuwa akikaa chumba cha pili na maua yake, akisikia yote kupitia ukutani. Hakuelewa hata neno moja, ila sikio lake lilikuwa limeshaikariri mistari yote. Lakini Mirella akikosea, ukuta uligongwa.

Mtu angeuliza kwa nini hakuendeleza mikwaju mwenyewe. Alijaribu, mara mbili. Alipima mistari ishirini, akaweka alama, akasoma kwa sauti, akasikia shaka katika kila mguu, akafuta. Alama za Fiorenza aliziamini kwa sababu hazikuwa zake.

Na kwa miaka kumi na sita hilo halikumdhuru, kwani alikuwa mwalimu wa muda. Kila Septemba shule mpya katika miji ya milimani ya Italia: Popoli, Scanno, Castel di Sangro, mara nyingine shule mbili kwa wiki, na basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa akifika na kitabu chake cha kijani, anawasomea watoto mpaka mstari wa mia tatu na kumi na mbili, kisha anasema muda hautoshi, tutaruka, tuanze masimulizi ya vita. Juni anaondoka. Hakuna shule iliyokaa naye vya kutosha kuona kwamba muda haukutosha mahali palepale kila mwaka. Zaidi ya hayo alijijengea jina: walimu wenzake walisema Colantoni anasoma vizuri, wakawa wanasimama korido kumsikiliza. Kila sifa ilikuwa jiwe jingine mfukoni mwake.

Kisha, akiwa na miaka arobaini na minne, akapata alichokililia. Ajira ya kudumu, hapa hapa Sulmona, dakika saba kwa miguu kutoka kwa mama yake. Ila mwaka wa kwanza ni wa majaribio. Mwalimu mkongwe hukaa darasani mwako na kuandika alichoona, mkuu wa shule naye huingia, na mwezi wa Juni kamati hukuita. Wakikukataa unarudia mwaka mmoja tu. Wakikukataa tena, kwisha habari.

Mkongwe wake alikuwa Ottorino Santilli, mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, mtu mrefu wa sweta za rangi ya majivu, anayesoma utenzi huku akigonga meza kwa kidole cha shahada. Hakuwa mkali. Mirella angependa awe mkali, maana mkali unajua atakupigia wapi. Santilli alikuwa akisikiliza tu, kichwa kimeinama, kama fundi saa.

Siku ya kutembelewa ikapangwa: Alhamisi ya pili ya Machi, kipindi cha tatu cha masomo, darasa la nne B la sekondari.

Hapo ndipo orodha inapoingia. Shule zetu zote zina orodha ya namna hii, na mwalimu mwenye akili anaiacha. Mwanafunzi kuitwa mbele ghafla na kuulizwa maswali ni kitu kinachowakosesha usingizi, kwa hiyo darasa linakubaliana lenyewe nani atajitolea siku gani, wanabandika karatasi kando ya ubao, na mwalimu anaahidi kutoita mtu nje ya zamu. Sharti ni moja: asipokuwepo wa leo, anakwenda anayefuata, bila kisingizio. Siku darasa likikosa mtu wa kwenda, mkataba umekufa.

Mirella aliwapa kila mmoja mistari kumi na mitano ya kuandaa kwa zamu. Yeye husoma kwanza kwa sauti, kisha mwanafunzi anatafsiri na kufafanua. Alhamisi ile ilikuwa zamu ya Manlio Ventresca, mtoto wa kutegemewa, anayechana nywele zake kama mhudumu wa benki. Kipande chake kilikuwa cha mia mbili tisini na nane hadi mia tatu na kumi na mbili. Mirella aliipigia hesabu tangu Januari. Kipande cha mwisho chenye penseli, mwanafunzi bora, mbele ya Santilli. Aliyefuata, Debora Iafolla, angekwenda Jumanne, lakini kabla ya Jumanne yeye angetangaza kwamba wanaruka. Kila wiki alikusudia kutangaza mapema, na kila wiki akaahirisha. Akisema sasa, yupo atakayeuliza kwa nini.

Usiku wa kuamkia Alhamisi ilianguka theluji.

Alipofungua dirisha asubuhi akaona paa zote nyeupe, na jambo la kwanza lililomjia ni basi la Manlio, ambaye kwao ni juu mlimani. Akajiambia Machi theluji haikai. Akaangalia kama kitabu kimo mkobani. Akafunga mkoba, akaufungua, akaangalia tena.

"Kimeota miguu hicho?" mama yake aliuliza, akimimina kahawa. "Mara ya tatu sasa unakitazama."

"Leo ndiyo siku, Mama."

"Najua ndiyo siku. Kula kitu. Mtu hasomi vizuri tumbo tupu, sauti inatetemeka."

Hakula. Njiani alitembea mkono mfukoni, vidole vikihesabu miguu sita, moja ndefu mbili fupi, mpaka akakaribia kuteleza mbele ya duka la dawa.

Saa nne kasoro kumi aliingia darasani. Kiti cha Manlio kilikuwa kitupu. Santilli alikuwa ameshakaa nyuma kabisa, karibu na kipasha joto, daftari juu ya goti, na mkuu wa shule kando yake na koti lake begani. Mirella aliuliza kuhusu Ventresca kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida. Wakamwambia basi limekwama kona ya saba na Manlio ametuma picha ya dereva akivuta sigara. Mmoja akasema Manlio kwa adabu yake atakuwa anamsaidia dereva kuishika.

"Basi Iafolla," alisema msichana wa mbele, aliyetunza orodha.

Debora Iafolla alikuwa mtoto wa fundi bomba, mwepesi wa maneno, mzito wa Kilatini. Muhula uliopita alipata tano kati ya kumi, na sita ndiyo alama ya kupita. Mirella alijua kwamba akipata chini ya hapo tena, mwezi wa Septemba atarudia mtihani, na kiangazi chote kitakwenda.

"Mimi ni wa Jumanne," Debora alisema. "Leo Alhamisi. Kalenda iko upande wangu."

"Orodha ni orodha, Debo. Si wewe uliyeibandika?"

"Niliibandika, sikuiombea theluji." Lakini alikuwa ameshasimama na kitabu chake. Alipofika mbele akamgeukia Mirella, akasema polepole, kwa heshima, sauti nyingine kabisa. "Mwalimu, ila nimeandaa kipande changu. Kuanzia mia tatu na kumi na tatu. Nimekaa nacho siku kumi. Cha Manlio sikukigusa."

Kweli lilikuwa kosa la hesabu ambalo kila mwanafunzi wa shule zetu hulifanya: unapiga hesabu ya zamu yako, unajua kipande chako, unaandaa hicho tu. Na mwalimu ana haki ya kutokukubali. Mwalimu anaweza kusema, tunakwenda kwa mpangilio, anza mia mbili tisini na nane. Hakuna ambaye angeshangaa. Mkuu wa shule huenda angependa, angeandika: ana msimamo.

"Tunakwenda kwa mpangilio, Iafolla," Mirella alisikia mdomo wake ukisema. "Mia mbili tisini na nane."

Akafungua kitabu cha kijani. Mikwaju ya Fiorenza ilikuwa pale, mahali pake, kama taa za barabarani. Akavuta pumzi, akasoma mistari mitano, na ikatoka vizuri kama ilivyotoka miaka kumi na sita. Mkuu wa shule aliegemeza kichwa ukutani. Santilli hakugonga kidole.

Halafu zamu ya Debora kutafsiri. Msichana akatazama ukurasa. Akasema neno moja, akakosea. Akasema la pili. Shingo yake ikapanda wekundu kutoka kwenye kola mpaka masikioni, na darasa, lililokuwa likitania dakika tatu zilizopita, likanyamaza kwa ule ukimya wa watu wanaomwona mwenzao anazama na hawana kamba. Nyuma kabisa mtu akatoa kicheko kidogo kupitia puani. Kidogo sana.

Mirella alikijua kicheko kile. Aliwahi kukibeba nyumbani.

Akatazama mikono ya Debora. Kati ya vidole kulikuwa na karatasi zilizokunjwa, zimejaa mwandiko mdogo, siku kumi za kazi, na mistari yote ile ilikuwa ng'ambo ya mahali ambapo yeye, mwalimu, hajawahi kukanyaga kwa sauti. Ikamjia wazi, bila huruma yoyote: ninamtupa huyu mtoto ili nisionekane. Akafikiria Juni, kamati, basi la saa kumi na mbili na nusu. Akafikiria mama yake akiwaambia majirani kwamba binti yake sasa anafanya kazi dakika saba kutoka nyumbani.

"Ngoja," alisema. "Twende kwenye kipande chako."

Debora akainua macho.

"Mia tatu na kumi na tatu," Mirella alisema, akageuza ukurasa.

Mweupe. Alijua utakuwa mweupe, lakini bado ulimshtua. Akaanza. Mguu wa kwanza ukaja, wa pili ukaja, wa tatu ukamponyoka. Akarudi mwanzo. Ukamponyoka tena palepale. Alisikia sauti yake inapanda, ile sauti ya msichana wa miaka kumi na sita, na kimya cha darasa kikabadilika, maana watoto husikia haraka kuliko wakubwa. Mara ya tatu akasimama katikati ya mstari.

Angeweza kusema koo limekauka. Alifikiria kulisema.

"Huu sijawahi kuusoma kwa sauti," alisema. "Nitaupima kwanza."

Akachukua chaki, akauandika mstari ubaoni kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa shule ya msingi. Akaanza kuweka alama, ndefu, fupi, fupi. Alifika mguu wa tatu akasita, chaki hewani. Hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa wameogopa pamoja naye.

"Mwalimu," Debora alisema kwa sauti ya chini, "mimi hapo niliimeza irabu."

Mirella akatazama. Akaimeza irabu. Mstari ukakaa.

Akausoma, akauvuka. Wakaupima wa pili, Debora akisoma kutoka kwenye karatasi zake na Mirella akikubali mara moja na kukataa mara moja. Wa tatu uliwashinda wote wawili mpaka mara ya nne. Kengele ilipolia walikuwa wamefanya mistari minne, kati ya kumi na mitano, na Mirella alikuwa na chaki hadi kwenye kiwiko. Mkuu wa shule alivaa koti lake, akatoka. Mirella alimpa Debora sita na nusu, akaiandika kwenye daftari la alama kabla hajapata muda wa kujiuliza kama ni haki ya mtoto au ni fidia ya kosa lake mwenyewe.

Santilli alimkuta kwenye mashine ya kahawa, mwisho wa korido. Alibonyeza kitufe, akangoja kikombe kijae, akakikoroga kwa kijiti muda mrefu.

"Nitaandika nilichokiona," alisema.

"Umeona nini, mzee wangu?"

"Nimeona mwalimu anayejua mistari mia tatu na kumi na miwili. Hilo nalijua tangu Novemba. Mtu anayesoma huvuta pumzi mahali tofauti kila siku. Wewe unavuta palepale."

Korido nzima ilikuwa ikinuka viatu vilivyolowa.

"Sikuwa na haja ya kukuuliza," Santilli aliendelea. "Nilingoja ufike ukingoni. Kusema kweli, uliporudi mia mbili tisini na nane, nilifunga kalamu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikaifungua." Akanywa kahawa, akakunja uso kwa uchungu wake. "Nitarudi Alhamisi ijayo. Na itakayofuata. Msiruke."

Hakumwambia ameandika nini, naye Mirella hakuthubutu kuuliza. Huo ndio uliokuwa uzito wa miezi ile iliyobaki. Santilli alirudi kila Alhamisi, akakaa karibu na kipasha joto hata kilipozimwa kwa ajili ya msimu, akasikiliza kichwa kimeinama. Jumanne na Alhamisi Mirella aliingia darasani akihesabu miguu kwa vidole. Wasiwasi haukuisha. Ulibadilisha mahali tu: zamani aliogopa kujulikana, sasa alijulikana na alikuwa akiogopa mguu wa tatu. Walimu wa korido wakaacha kusimama kusikiliza. Mmoja alimuuliza kama ana mafua.

Mwezi wa Juni kamati ilimweka kwenye kiti kilichokuwa kifupi kuliko viti vyao. Mkuu wa shule alisoma ripoti ya Santilli kwa sauti, ukurasa mmoja na nusu, mambo ya mipango ya masomo na utunzaji wa daftari, na karibu na mwisho sentensi moja: anasoma polepole, na darasa linasoma naye. Mkuu wa shule aliirudia sentensi ile mara mbili, kama mtu asiyejua aiweke upande wa faida au wa hasara. Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi dakika ishirini, akihesabu vigae vya sakafu sita sita. Wakamwita, wakamthibitisha. Alitia saini mahali alipoonyeshwa, akatoka.

Nyumbani alimkuta Zelinda na rundo la lozi za sukari, harusi ya mjukuu wa jirani, petali tano kila ua. Akamwambia. Mama yake akamshika uso kwa mikono yote miwili, sukari na yote, akasema afadhali, maana alishamwambia mwuza mboga.

Jioni ile kabla ya kula, Mirella alichonga penseli. Mstari wa mia tatu na arobaini na moja. Akaweka mikwaju sita. Ilikuwa minene kuliko ya Fiorenza, mmoja umeinama, na wa tatu aliufuta akauweka tena. Akasimama kati ya jiko na dirisha, akasoma.

Ukuta haukugongwa. Akasoma tena, akakosea, akangoja. Kimya.

"Mama, umelala?"

"Sijalala," Zelinda alijibu kutoka chumba cha pili. "Huo siujui."

Mirella akabaki amesimama na kitabu wazi mkononi, kama mtu aliyesikia hatua nyuma yake. Kisha akarudi mwanzo wa mstari.